Mkunga na Tumbo la Bibi Kidani

Mkunga wetu hakupenda kuulizwa alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Alikuwa akijibu kwamba watu wote huzaliwa mahali pamoja, na kwamba mahali hapo yeye amepaona mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Busia. Basi nami sitahangaika na ukoo wake. Nitaeleza nilivyomjua miaka ile ya sitini, kwa sababu nilimkosea mbele za watu, na mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo masikio huniwaka moto.

Alikuwa mfupi, mnene wa miguu, na alitembea upesi kupita umbo lake. Ukimwona anapita na kasha lake la bati kichwani, ulijua kuna mwanamke mahali fulani anayemlaani mumewe. Hakusimama kusalimiana. Alitupa "mulembe" upande huu wa barabara na "mulembe" upande ule, kama mtu anayewarushia kuku mtama, akapita zake. Mpaka wa Kenya na Uganda nao haukumhusu sana. Askari wa pande zote mbili, ama wao wenyewe ama watoto wao, walipokelewa na mikono yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia ashushe kasha.

Isipokuwa askari mmoja mgeni, aliyehamishwa kutoka mbali. Huyo alimwamuru afungue. Mkunga akafungua. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi, pamba, kipande cha sabuni, na kwa ndani ya kifuniko picha ya mwanamke mrembo iliyokatwa kwenye kalenda na kubandikwa kwa uji wa muhogo. Askari akauliza, "Na huyu ni nani?"

"Huyo tunafanya kazi moja," Mkunga akasema, akalifunga kasha karibu amfinye vidole.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mwigizaji na mwimbaji wa sinema za Kihindi. Jina lake halisi hakuna aliyelijua vizuri. Sisi tulimwita Bibi Kidani, kwa sababu ya kidani kikubwa alichovaa katika kila sinema, hata zile ambazo alikuwa maskini wa kuokota kuni. Jumamosi alasiri sinema zake zilionyeshwa Tororo, na watu walitoka Masafu na Buhehe kwa baiskeli kwenda kulia pamoja naye. Nyimbo zake zilikuwa katika lugha tusiyoielewa hata neno moja, lakini sauti tulizishika zote. Wanawake wa Kisamia walizitilia maneno yao wenyewe, mengi yakiwasema waume.

Katika mashabiki hao wote, Mkunga ndiye aliyekuwa kinara, na hapo ndipo watu walipomshangaa. Kanisani alikuwa mama mkali mwenye kitambaa cheupe kichwani. Msichana akitikisa bega kidogo kwenye harusi, Mkunga alimfinya palepale na kumwambia amkumbuke Mungu. Lakini Jumamosi ya zamu yake ya kufagia kanisa alifagia alfajiri, saa tano alikuwa amepata lifti ya lori, na saa nane amekaa benchi la mbele kabisa Tororo na mwavuli wake mapajani. Nilimuuliza mara moja kwa nini dansi ni dhambi na sinema si dhambi. Alinijibu kwamba kwenye sinema mtu amekaa.

Kipaji chake kikubwa kilikuwa kusoma matumbo. Mimi nilikuwa nimeolewa katika familia ya Waislamu wenye duka la vitambaa, na Mkunga alipenda kupumzika barazani petu mchana akitazama watu wanaopita. Hakuhitaji kumgusa mtu. "Ule, miezi tano, kijana," angesema, huku akichokonoa meno kwa kijiti. "Ule mwingine, msichana, na mama anakula udongo." Siku moja alipita mwanamke aliyekuwa akiwaambia watu kwamba ana homa tu. Mkunga alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. "Anasema ni malaria," akasema. "Hiyo malaria wataipa jina ya Wafula." Ikawa hivyohivyo, na jina likawa hilohilo.

Neno lake la kazini lilikuwa moja: "Bado kidogo tu." Alilisema kwa sauti tamu ambayo hakuitumia mahali pengine popote, na mwanamke aliyekuwa akikata tamaa alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Wenye watoto wengi walisema "bado kidogo" ya Mkunga iliweza kuanzia jua likichomoza na kwisha jua likizama. Hata hivyo kila mara waliiamini.

Sasa, ilikuja sinema moja ambayo ndani yake Bibi Kidani anazaa. Nilikuwepo, nilikuwa bado mwari, nimepelekwa na shangazi. Mvua inanyesha, Bibi Kidani amelala kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tumbo limemjaa, anaimba. Sote tulikuwa tukilia vizuri tu, mara Mkunga akasimama kule mbele, mwavuli juu.

"Usisukuma," akamwambia Bibi Kidani. "Bado. Bado kidogo tu."

Watu wa nyuma wakamwambia, "Mama, kaa chini."

"Kaa nyinyi," akajibu bila kugeuka. "Huyu mutoto amelala vibaya."

Alibaki amesimama mpaka mtoto akatoka, na baada yake mwingine, maana walikuwa mapacha. Bibi Kidani hakulia hata mara moja. Aliimba mpaka mwisho. Mkunga alitoka nje amelowa jasho kuliko mzazi mwenyewe. Akasimama kwenye ngazi za jumba la sinema na kutoa hukumu yake, kwamba tumbo lile lilikuwa la kweli, la miezi minane na siku kadhaa, na kwamba miguu ya Bibi Kidani ilikuwa imevimba inavyopaswa. "Mimi nimeshika matumbo kutoka zamani," alisema. "Kwa tumbo hakuna mutu ya kunidanganya. Walimuchukua picha akizaa kweli."

Nani angembishia? Tangu siku hiyo alikuwa na fimbo ya kuwachapia wanawake wote. Ukianza kupiga ukunga alikuziba mdomo kwa kiganja na kukuambia kwamba Bibi Kidani alizaa wawili, juu ya mkokoteni, kwenye mvua, akiimba. Wewe una mmoja, na una mkeka. Basi imba. Wanawake wakaimba. Ilifika mahali ukipita karibu na nyumba ukasikia ule wimbo wa mkokoteni unaimbwa kwa meno yaliyoumana, ulijua ni nini kinaendelea. Wanaume kwenye vilabu vya pombe walitajiana: "Kwa Fulani wanaimba tangu asubuhi."

Nami nikapata mimba yangu ya kwanza. Nilipofika mwezi wa sita Mkunga alinitazama kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka, akanizunguka mara moja.

"Wawili," akasema.

Mama mkwe wangu alikata vitambaa vya watoto wawili siku ileile.

Habari ya televisheni aliileta karani wa posta. Alisoma gazetini kwamba Jumapili jioni wangerudia mahojiano ya zamani ya Bibi Kidani, yaliyopigwa miaka kadhaa nyuma. Televisheni wakati huo ilikuwa kitu cha kusikia tu, lakini kulikuwa na moja kwenye ukumbi wa Tororo, ndani ya kabati lenye kufuli. Mume wangu alikuwa na lori la kubebea pamba. Mkunga hakumwomba, alimwambia tu tunaondoka saa tisa.

Lile lori lilibeba wanawake wa pande zote mbili za mpaka, wamevaa nguo za Krismasi na za Idi. Mmoja alikuja na kuku jike amefungwa miguu, kwa kuwa hajawahi kwenda kumwona mtu mikono mitupu na hakuona sababu ya kuanza leo. Karani alimweleza kwamba Bibi Kidani hatakuwepo, itakuwa picha yake tu. "Najua," yule mama akasema. "Kwani mimi mushamba? Lakini nitaingia na nini?" Kuku akaenda.

Mwangalizi wa ukumbi akafungua kabati, akakipiga kile chombo makofi mawili ubavuni, na Bibi Kidani akatokea, mdogo kama kopo la mafuta ya Kimbo, amekaa kwenye kochi na kidani chake shingoni. Akaunganisha viganja akatusalimu. Wanawake wa upande wa Uganda wote wakapiga magoti kwenye saruji wakamjibu. Wa upande wa Kenya walibaki wamekaa, wakauliza kama sasa watu wanasalimia sanduku. Waliopiga magoti wakasema adabu haichagui sanduku. Mabishano hayo yalitupotezea swali la kwanza na jibu lake. Kisha pakazuka mengine, kwa sababu Bibi Kidani alionekana msichana kuliko alivyokuwa kwenye sinema ya mwezi uliopita. Karani alieleza tena kwamba mahojiano ni ya zamani. Hakuna aliyemsikiliza. Mama mwenye kuku alisema hivyo ndivyo anavyokuwa mwanamke anayezaa bila kupiga kelele: anarudi utotoni.

Mahojiano yalikuwa kwa Kiingereza, na karani alitufasiria amesimama kando ya kabati, suruali imepigwa pasi. Alikuwa akifanya vizuri. Bibi Kidani anapenda embe. Bibi Kidani anaamka mapema. Kila jibu lilipokelewa kwa vigelegele, na wanawake wawili walikumbatiana juu ya habari ya embe, maana nao wanapenda embe. Mkunga alikaa kiti cha mbele, mwavuli mapajani, anaitikia kwa kichwa kana kwamba mambo yote haya alishawahi kuambiwa faragha.

Kisha mwanamume aliyekuwa akimhoji akauliza juu ya mkokoteni.

Bibi Kidani akacheka. Akachukua mto wa kochi, akauweka tumboni juu ya sari, akaupigapiga, akasema maneno mengi huku akicheka. Ukumbi ukamgeukia karani. Niliuona uso wake ukibadilika. Mkewe alizalishwa na Mkunga mara tatu, na mara ya tatu aliponea chupuchupu.

"Anasema," karani akaanza, akakohoa. "Anasema kazi ilikuwa ngumu. Anaonyesha tumbo lilikuwa kubwa namna gani."

Sasa nitasema ukweli juu yangu. Nilikuwa nimesoma shule ya wasichana mpaka darasa la nane, na tangu niolewe hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza neno moja la Kiingereza. Kilikuwa kimenikaa kifuani kinaniwasha. Sikufikiri. Nilisimama na tumbo langu nikasema kwa sauti, "Sivyo. Amesema ulikuwa mto. Mto wa kulalia, wa nyoya, umefungwa kwa kamba. Amesema hajawahi kuzaa. Na amesema akiumwa jino tu hupiga kelele mpaka majirani wanakuja."

Televisheni iliendelea kuzungumza peke yake.

Aliyeanza ni mwanamke wa Buhehe aliyekuwa na watoto saba. "Mimi nimeimba watoto wanne," akasema polepole. "Wanne. Wa mwisho alikuja na miguu mbele, na mimi naimba."

"Mimi nilitafuna leso yangu ikaisha pindo," akasema mwingine. "Kumbe mwenzangu ana nyoya."

Wengine walimtetea Bibi Kidani. Walisema mahojiano ni ya zamani, pengine wakati ule alikuwa bado hajazaa. Karani akawaambia sinema ya mkokoteni ilitangulia. Wakasema basi pengine mto ndio uongo na tumbo ndilo kweli. Mzee mmoja wa Tororo, ambaye hakuna aliyejua ameingia saa ngapi, aliuliza kama kwa hiyo Bibi Kidani hajaolewa. Kuku akafunguka miguu akaruka juu ya kabati. Na katika ghasia zote hizo, macho ya wanawake yalikuwa yanarudi mahali pamoja, kwenye kiti cha mbele.

Mkunga aliinuka, akapangusa sketi yake, akatoka nje akaketi ndani ya lori. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa mbovu. Kila lori liliporuka shimo, wanawake kule nyuma walipiga kelele zote walizokuwa wameziweka tangu mtoto wa kwanza. Walilia, wakamwita mama, wakacheka, wakangoja shimo lingine. Mkunga alikuwa mbele, kati yangu na mume wangu, anatazama barabara. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Ulisoma Kingereza muzuri."

Vicheko viliisha, lakini mashaka yalibaki, na mashaka ndiyo yaliyomwumiza. Wanawake walianza kuulizana: mtu aliyeapa kwamba mto una miezi minane na siku kadhaa, huyo atajuaje kilichomo tumboni mwangu? Mmoja akaenda kuzalia hospitali, mwingine akavuka kwa mkunga wa upande wa Kenya. Kasha la bati likaacha kupita. Barazani petu hakuja tena. Nilimwona mara moja tu sokoni, akinunua dagaa, akitembea polepole, na ule mwendo wake wa polepole uliniuma kuliko matusi. Nami sikuachwa salama. Watu walinisalimu, "Mto hajambo?" Mume wangu alitaka kujua atengeneze vitanda vingapi. Mama mkwe alivipeleka vile vitambaa vya mtoto wa pili chini kabisa ya sanduku, akasema tutaona.

Uchungu ulinishika asubuhi moja kabla ya siku zake. Mume wangu alikuwa safarini. Mama mkwe akaniuliza nataka hospitali au nani, na niliona kwenye uso wake kwamba anataka niseme hospitali. Nikasema Mkunga. Nilisema kwa sababu ya aibu, na pia kwa sababu nilikuwa naogopa, na nilipoogopa sura niliyoiona ilikuwa yake.

Alikuja mbio, kasha kichwani, mwendo wake wa zamani. Alipofungua kifuniko nikaona Bibi Kidani yupo palepale, anatabasamu.

"Niimbe?" nikamuuliza.

"Fanya vile unataka," akasema. "Mimi sasa sijui kitu."

Nikapiga kelele. Mama mkwe alidai baadaye kwamba askari wa forodha wa pande zote mbili walitoka nje. Mkunga hakuniziba mdomo. Alinishika kiuno, akaniambia, "Bado kidogo tu, mwana wange. Bado kidogo," na mimi niliyemwaibisha kwa ajili ya ukweli niliushika ule uongo wake kwa mikono miwili. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikapata binti.

Mkunga akamfunga kitovu, akampa mama mkwe. Kisha akaketi kungoja wa pili.

Habari zilikuwa zimetoka. Nje ya mlango walikuwa wamejaa wanawake, wengi wao wa lile lori, wanajifanya wamekuja kuteka maji. Mkunga akaweka kiganja tumboni mwangu. Akaweka sikio. Akangoja. Mtoto alinyonya akalala, akaamka, akanyonya tena. Mama mkwe akapika chai, tukanywa. Mimi nilijua hakuna mtu mwingine humo ndani, na nadhani yeye alijua mapema kuliko mimi. Hata hivyo aliketi mpaka alasiri, na nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote anipe mtoto mwingine, wa kutoka popote, nimpe huyu mama.

Hatimaye alinawa mikono. Akafunga kasha, akafungua mlango, akasimama mbele ya macho yale yote.

"Yule wa pili," akasema, "alikuwa muto."

Yeye mwenyewe akaanza kucheka, mabega yakimtetemeka, na ndipo wote wakaangua kicheko. Mwanamke wa Buhehe alicheka mpaka akaketi chini, na alipokuwa hapo chini Mkunga alimtazama tumbo, akamwambia, "Na wewe uko na mutoto wa nane. Hiyo si muto." Yule mwanamke akaacha kucheka ghafla. Wiki iliyofuata kasha lilikuwa barabarani, na tangu hapo nyumba zilizokuwa zikiimba zilipiga kelele kwa uhuru, isipokuwa wachache waliosema kuimba kwenyewe kulikuwa kunawasaidia.

Mara ya mwisho nilimwona miaka ile ikielekea kwisha. Alikuwa amehamia Osukuru kwa mdogo wake, karibu na vile vilima vinavyochimbwa mawe ya mbolea, mahali ambapo vumbi hukaa hata kwenye majani ya migomba. Nilikwenda na binti yangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, na yeye alisema watoto wote wa Busia walitoka alipowaambia, huyu mmoja tu ndiye mkaidi. Alimpapasa binti yangu kichwa na mabega, akauliza, "Huyu ni ule wa kweli?" Nikamwambia ndiye.

Kasha lilikuwa chini ya kitanda. Aliniambia nilifungue nimtazamie kama picha bado ipo. Ilikuwepo, imefifia, kidani tu ndicho kilichoonekana sawasawa. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote, kama hakumkasirikia Bibi Kidani.

"Kwa nini?" akasema. "Aliimba na muto mpaka sisi wote tulilia. Na mimi je? Wanawake wangapi nimewaambia bado kidogo, na nilijua ni bado sana?" Akalipapasa kasha. "Nilikuambia, huyo tunafanya kazi moja."

Hakuniambia mimi, alimwambia askari, lakini sikumsahihisha. Nilikuwa nimeacha kusahihisha watu.

Jua lilipopungua akasisitiza kunisindikiza mpaka barabarani, mahali mume wangu alipoegesha lori. Nilimkataza, hakusikia. Tukatoka, yeye ameshika bega langu upande huu na fimbo upande ule, binti yangu ametangulia. Njia ilipanda kilima. Baada ya muda nilisikia pumzi yake inakuwa fupi na goti linamgonga. Akasimama.

"Barabara iko mbali bado?" akauliza.

Nikatazama mbele. Lori lilikuwa dogo kule juu, na kati yetu palikuwa na kilima kizima.

"Bado kidogo tu, mama," nikasema.

Alinigeuzia uso wake wenye ukungu, akanitazama kwa kitambo kana kwamba ananiona vizuri sana. Kisha akacheka mpaka ikabidi aegemee fimbo kwa mikono yote miwili. Alipomaliza akajifuta macho, akashika tena bega langu, akaanza kuimba ule wimbo wa mkokoteni, polepole, kwa hatua za miguu yake. Nikaimba naye mpaka juu.